Wazazi, si kila kijana aliyebadilika ni mkaidi

SIFA zote njema anastahiki Allah (s.w), Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), ahali zake, maswahaba zake na wote wanaofuata mwongozo wake hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu zangu Waislamu, tumezoea katika safu hii kuwakumbusha wazazi wajibu wa malezi. Tumesema sana juu ya vijana wanaoacha swala, wanaoshinda vijiweni na wanaokesha na simu. Leo nataka kumzungumzia kijana wa namna nyingine, yule ambaye hajaasi bali anaumwa, na ugonjwa wake hauonekani kwa kipimo cha malaria. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu ni rahisi kuwanyooshea wazazi kidole ilhali sisi walimu wa dini nasi tumo.

Kosa langu

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisomesha darsa la vijana katika msikiti wa mtaani kwetu hapa Dar es Salaam, kila Alhamisi baada ya swala ya Isha. Miongoni mwao alikuwepo kijana wa kidato cha tatu, umri wake miaka 16. Mama yake ameniruhusu nieleze habari hii kwa sharti kwamba nisitaje jina wala mtaa, nami nalitekeleza.

Kijana huyu ana sauti nzuri, na kwa muda wa mwaka mzima ndiye aliyekuwa akituadhinia Alfajiri. Kisha akaanza kukosa. Kwanza siku moja moja, baadaye wiki nzima. Darsani akawa anakaa nyuma kabisa, karibu na viatu. Nilipomuuliza, alisema kichwa kinamuuma. Mama yake, ambaye huuza chai na vitumbua, alimpeleka zahanati mara mbili. Akapimwa malaria, hana. Akapewa dawa za kichwa, akarudi nyumbani. Mwalimu wake wa darasa akaandika kwenye ripoti kuwa ni mvivu. Baba yake akasema ni bangi. Mimi nikasema ni Shetani.

Naam, nilisema hivyo. Usiku mmoja nilisomesha ile hadithi ya mafundo matatu ambayo Shetani humfunga mtu anapolala ili asiamke kuswali. Hadithi ni sahihi, ameipokea Bukhari. Lakini nilikuwa nikiisoma huku nikimtazama yeye, na wenzake wote wakageuka kumtazama. Aliinamisha kichwa. Nikadhani somo limeingia.

Baada ya wiki chache akaja na msahafu wake mzuri, akampa mtoto mdogo wa madrasa. Viatu vyake vya mpira akampa mwenzake. Nikafurahi. Nikamsimamisha mbele ya darsa, nikamsifu kwa kutoa sadaka kile akipendacho, na vijana wakapiga takbira. Alhamisi iliyofuata alinisubiri mlangoni mpaka watu wakaisha, akanipa mkono akasema, "Ustadh, naomba uniwie radhi kwa yote." Nikamjibu kwa bashasha, "Nimekuwia radhi mwanangu, Allah akuhifadhi." Nikarudi nyumbani nikimshukuru Mola kwamba kijana ametubu.

Kumbe alikuwa akiaga.

Aliyetambua hakuwa mimi, wala baba yake, wala mwalimu wake. Alikuwa mdogo wake wa kike, mtoto wa miaka 9. Usiku ule ule alimwendea mama yake jikoni akamuuliza, "Mama, kaka kanipa begi lake la shule. Kesho yeye atabebea nini madaftari?" Mama aliuacha unga aliokuwa akiukoroga, akaenda chumbani kwa mwanawe. Alimkuta amekaa gizani, na barua imekwisha kuandikwa. Hakumpigia kelele. Alikaa naye, akamkumbatia mpaka Alfajiri, na asubuhi akampeleka hospitali ya mkoa, kwenye kliniki ya afya ya akili. Daktari akasema ni sonona, na kwamba ilikuwa imeanza miezi mingi nyuma.

Alhamisi ile sikuweza kusomesha. Dalili zote zilikuwa zimepita mbele ya macho yangu. Moja niliiita uvivu, nyingine nikaiita Shetani, na ya tatu nikaipigia takbira.

Ujana na ugonjwa

Wapo watakaosema kuwa vijana wote wako hivyo siku hizi. Ni kweli ujana una mambo yake. Kijana wa miaka 14 au 15 hununa, hubishana, hupenda kufunga mlango, na huwasikiliza wenzake kuliko wazee wake. Hayo peke yake si maradhi, na hakuna haja ya kumkimbiza mtoto hospitali kwa sababu kanuna siku mbili. Lakini Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa, kwa dunia nzima, takriban kijana mmoja katika kila saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, na kwamba kujiua ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29. Darsa langu lina vijana wapatao 40. Fanya hesabu mwenyewe.

Vipi basi mzazi atatofautisha? Nilimuuliza daktari yule swali hili, naye akanipa mambo matatu ya kupimia.

La kwanza ni kubadilika. Usimlinganishe mwanao na mtoto wa jirani. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa miezi sita iliyopita. Je, aliyekuwa mcheshi amekuwa bubu? Aliyekuwa mpole amekuwa mkali kwa jambo dogo? Hapa wazazi wengi hukosea, kwa kuwa wanatarajia mwenye sonona awe analia. Kwa vijana, huzuni mara nyingi hutoka kwa sura ya hasira, na mzazi anayeona hasira tu hukimbilia fimbo.

La pili ni muda. Kila mtu hupatwa na siku mbaya. Lakini hali ikikaa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, hiyo si hasira ya kunyimwa simu.

La tatu ni kuenea. Tazama usingizi wake, chakula, masomo, marafiki, michezo na ibada. Kijana anayechukia hesabu lakini bado anacheza mpira na kucheka na wenzake, huyo ana tatizo na hesabu. Aliyeacha hesabu, mpira, marafiki na chakula kwa pamoja, huyo ana jambo zito moyoni.

Ongeza hapo maumivu ya kichwa au tumbo yanayorudi kila mara na vipimo havioni kitu. Ongeza alama za kujikata mikononi, na maneno kama "mimi ni mzigo tu kwenu" au "bora nisingezaliwa". Na kijana akianza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au akishikilia kuwa watu wa mtaani wanapanga kumdhuru, usisubiri hizo wiki mbili. Mpeleke mara moja.

Yule baba aliyesema ni bangi hakuwa na ushahidi. Lakini hata angekuwa nao, asingekuwa amefika mwisho wa swali. Bangi huweza kuamsha maradhi ya akili kwa kijana, na wapo wanaovuta ili kutuliza maumivu wasiyojua kuyataja.

Na liko jambo ambalo hatupendi kulisema. Mara nyingine kijana, wa kike au wa kiume, hubadilika ghafla kwa sababu kuna mtu amemdhuru. Mtu huyo anaweza kuwa jamaa aliyekaribishwa nyumbani, jirani, mwalimu wa shule, au mwalimu wa madrasa. Mtoto akikataa ghafla kwenda mahali alipokuwa akipapenda, usimburure. Muulize kuna nini huko, na ukijibiwa, mwamini.

Dalili zinazofanana na ucha Mungu

Sisi Waislamu tuna mtihani wa ziada, kwani baadhi ya dalili huja zimevaa vazi la dini, nasi tukazisifu.

Yupo kijana anayetawadha nusu saa, akarudia na kurudia mpaka ngozi ya mikono ikachubuka. Akisimama kuswali, anarudia takbira ya kufungulia swala mara kumi, na imamu anatoa salamu yeye hajaanza. Watu wanasema ana khofu ya Allah. Huo ni wasiwasi. Wanazuoni wetu wameuandikia tangu karne nyingi zilizopita, wakiwaonya watu wasiufuate, na leo madaktari wanaujua kuwa ni ugonjwa unaotibika. Dini yetu ni nyepesi, na mtoto anayeteseka ndani ya udhu anahitaji msaada wala si sifa.

Yupo binti anayefunga sunna mfululizo, na magharibi anafuturu kwa maji na tende moja. Kufunga ni ibada tukufu. Lakini binti anayekonda kila mwezi, anayekimbia chakula cha nyumbani na kujiona mnene ilhali mifupa inaonekana, huenda amejificha nyuma ya funga.

Na yupo kama huyu wangu, anayegawa vitu vyake na kuomba radhi. Kuombana radhi ni desturi yetu njema, hasa Ramadhani inapokaribia au mtu anapokwenda Hijja. Lakini kijana aliyekuwa na huzuni ya muda mrefu, akatulia ghafla, akagawa anavyovipenda na kuaga watu mmoja mmoja ilhali hana safari, hapo simama. Uliza swali la yule mtoto wa miaka 9: kesho atabebea nini madaftari?

Je, ni upungufu wa imani?

Hili ndilo neno linalowafunga midomo vijana wetu. Wanaogopa kusema wana huzuni, wasije wakaambiwa hawana imani. Hebu turudi kwenye Qur'an tuone.

Nabii Yaqub (a.s) alihuzunika kwa kumpoteza Yusuf mpaka macho yake yakageuka meupe (12:84). Nani atasema Mtume huyu wa Allah alikuwa na upungufu wa imani? Walioona huzuni yake ni kero ni wanawe, waliomlaumu kwamba hataacha kumkumbuka Yusuf mpaka aangamie. Yeye akawajibu kuwa anamshitakia Allah majonzi yake. Kisha, ndugu msomaji, tazama aya inayofuata (12:87). Hakuishia kwenye dua. Aliwatuma wanawe watoke wakamtafute Yusuf na ndugu yake, na akawakataza kukata tamaa na rehema ya Allah. Huzuni ipo, dua ipo, na kutoka kwenda kutafuta kupo, vyote kwa mtu mmoja na kwa wakati mmoja. Kwa nini sisi tunamwambia kijana achague kimoja?

Bibi Maryam (a.s), mwanamke aliyetakaswa, uchungu ulipomfika chini ya mtende alitamani lau angekuwa amekwisha kufa kabla ya hayo (19:23). Hakujibiwa kwa karipio. Alitulizwa asihuzunike, akaonyeshwa maji na tende, akaambiwa ale na anywe. Na Bibi Aisha (r.a), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, alikuwa akiagiza mgonjwa na mfiwa wapikiwe uji wa shayiri, kwa kuwa alimsikia Mtume (s.a.w) akieleza kuwa unautuliza moyo na kuondoa sehemu ya huzuni. Dini iliyoijua huzuni namna hii haiwezi kuwa dini ya kumwambia mgonjwa, "Jikaze, wewe mwanamume."

Najua swali litakalofuata: je, kujiua si dhambi kubwa? Ni dhambi kubwa, hilo halina mjadala. Lakini aya ile ile inayotukataza kujiua (4:29) inamalizia kwa kutukumbusha kuwa Allah ni mwenye kuturehemu. Basi usimfungulie kijana aliye ukingoni mlango wa Jahannam peke yake, ukamfungia ule wa rehema.

Kusomewa na kutibiwa

Siwezi kumaliza bila kugusa majini, maana ndiko tunakokimbilia wengi. Sikatai kuwepo kwao. Qur'an ina sura nzima yenye jina lao. Wala sikatai kisomo. Kumsomea mgonjwa Fatiha, Ayatul Kursiy na sura mbili za kinga ni jambo lenye asili katika sunna. Ninachokataa ni mtoto kufungwa minyororo, kupigwa ili "jini litoke", au kuzungushwa kwa waganga miezi sita, kombe hili na zinguo lile, huku ugonjwa unazidi kuota mizizi. Ukimsomea mwanao, msomee, kisha mshike mkono umpeleke hospitali.

Mabedui walipomuuliza Mtume (s.a.w) kama watafute matibabu, aliwaamrisha watafute, kwa kuwa Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Wameipokea Abu Dawud na Tirmidhi. Hakusema magonjwa ya mwili tu.

Waislamu waliotutangulia waliielewa hivyo. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934 Miladia, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, akatofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile inayomjia mtu bila kujua imetoka wapi, na kila moja akaielezea tiba yake. Hospitali aliyoijenga Nuruddin Zangi huko Damascus mwaka 1154, na ile ya Sultan Qalawun huko Cairo mwaka 1284, zilikuwa na sehemu za wagonjwa wa akili. Leo sisi wajukuu zao tunaona aibu kupita mbele ya kliniki hiyo, tusije tukaonekana.

Aibu hii inaua. Tunaogopa binti atakosa mchumba, tunaogopa majirani watasema ukoo wetu una wendawazimu. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, keti naye. Chagua wakati mkiwa wawili, si mbele ya wadogo zake. Mwambie ulichokiona bila kumhukumu: "Mwanangu, naona hulali, na mpira umeacha. Kuna nini kinachokuumiza?" Kisha nyamaza. Kijana mmoja alimwendea Mtume (s.a.w) kumwomba ruhusa ya kuzini. Watu walimkaripia. Mtume alimsogeza karibu, akamkalisha, akazungumza naye, akaweka mkono wake juu yake na kumwombea. Ameipokea Imamu Ahmad. Ikiwa aliyeomba ruhusa ya haramu alisikilizwa, je, mwanao anayesema amechoka?

Pili, ukiwa na shaka, muulize waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua. Wataalamu wanasema kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Mara nyingi humpa nafuu kuona kuwa yupo mtu anayeweza kulisikia. Akisema ndiyo, usimwache peke yake hata kidogo, ondoa nyumbani sumu na dawa zilizozagaa, na mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Tatu, jua pa kwenda. Kwa hapa Dar es Salaam, hospitali za rufaa za Amana, Temeke na Mwananyamala zina huduma ya afya ya akili, na ipo Muhimbili. Dodoma iko Mirembe, Zanzibar Kidongo Chekundu, Mombasa Port Reitz na Nairobi Mathari. Kwa Tanzania na Kenya pia, mtoto au mzazi anaweza kupiga simu namba 116 bila malipo.

Nne, uwe na subira na tiba. Daktari anaweza kuanza na mazungumzo, au mazungumzo pamoja na dawa. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla matokeo hayajaonekana, na mgonjwa akipata nafuu asiziache bila kumuuliza daktari. Ramadhani ikiingia, uliza pia juu ya kufunga. Mgonjwa ana ruhusa ndani ya Qur'an (2:184), na ugonjwa wa akili ni ugonjwa.

Na kwetu sisi maimamu na walimu: tusiwageuze vijana kuwa mifano ya mimbari. Anayekosa jamaa, tumwendee nyumbani kabla ya kumtolea hadithi. Mwanafunzi akikukosa wiki tatu, hukosi nauli ya bodaboda kwenda kumjulia hali.

Kijana wangu alirudi shule muhula uliofuata. Anatumia dawa, na kila mwezi anakwenda kuzungumza na mtaalamu. Baba yake sasa ndiye anayemsindikiza, na mimi nimewaomba radhi wote, safari hii nikijua ninaomba nini. Darsani amesogea, hakai tena karibu na viatu. Kuadhini bado hajarudi, wala simlazimishi. Begi lake alirudishiwa na mdogo wake asubuhi ya pili, likiwa na madaftari yote ndani.

Ewe Mola wetu, waponye vijana wetu maradhi yaliyo wazi na yaliyofichika, na utupe macho ya kuwaona kabla hawajatuaga. Amin.

Wabillahi tawfiq.